Sokoni Dodoma kwa mwanafunzi wa usanifu majengo: kipi ununue, kipi ukiache

Mwanafunzi wa usanifu majengo anayekuja Dodoma kwa mafunzo ya vitendo, au aliyepangiwa na studio eneo la mradi huku, huwa na agizo moja: atafute dhana kwenye sanaa ya wenyeji na kwenye vitu vya kila siku. Wengi wanakimbilia umbo. Kibuyu kinazaa ukumbi wenye tumbo, ngoma ya muheme inazaa mnara wenye kiuno, na siku ya kuwasilisha mwalimu anauliza swali moja tu, "Kwa nini liwe kibuyu?", kikao kinakwisha.

Hapa tunapima bidhaa za masoko ya Majengo na Sabasaba, pamoja na kazi za mafundi bati na seremala walio pembezoni mwa masoko, kwa kigezo kimoja: je, kitu hiki kinafanya kazi unayoweza kuipima kwa rula na kuihamishia kwenye jengo? Kinachopita, nunua. Kilichobaki na umbo peke yake, kiache hata kama kinapendeza. Bei hatuziweki, maana zinapanda na kushuka kwa msimu na kwa lafudhi ya mnunuzi. Uliza kwa wauzaji watatu kabla ya kutoa pesa, na usitoe simu kupiga picha kabla hujasalimia. "Shikamoo mama, naomba nitazame" huvuta mpaka vitu vilivyowekwa chini ya meza.

Zana za kubeba si nyingi: tepu ya mita 5, rula ya chuma ya sm 30, kalipa (kifaa cha kubana na kupima unene), uzi, mizani ya jikoni, daftari lisilo na mistari, penseli ya HB na ya 2B. Kalipa ya plastiki inatosha, kwani vipimo vingi vitakavyokufaa ni vya unene wa milimita 1 hadi 10, na hapo tepu hudanganya.

Jiko la mkaa

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo ndani, lile lenye kiuno chembamba ambalo muundo wake ulienea kutoka Kenya kuanzia miaka ya 1980. Ni bidhaa yenye masomo matatu ya ujenzi ndani yake, na hakuna kitu kingine sokoni kinachoikaribia.

Litazame kwanza kama jengo. Kuna ganda la bati la vipande viwili vinavyokutana kiunoni. Ndani kuna kikombe cha udongo uliochomwa, sakafu yake ikiwa na matundu. Chini ya matundu kuna chumba cha jivu chenye kimlango. Juu kuna vyuma vitatu vya kuegemeza sufuria, na ubavuni vishikio viwili. Fundi bati hakulehemu popote: kingo za bati zimekunjwa zikang'atana, kisha zikagongwa zikalala, na penye mzigo pamepigwa ribiti. Chora mkunjo huo kwa skeli ya 2:1, yaani mara mbili ya ukubwa wake, si 1:5 kama wengi wanavyofanya, kwa sababu somo lake liko kwenye milimita 6 au 8 za ukingo. Ukiusimamisha mkunjo huo wima juu ya paa, kiungo kinakuwa juu ya njia ya maji wala hakihitaji msumari wa kupenya bati. Linganisha na bati la migongo linalopigiliwa msumari bondeni, mahali maji yanapopita: hapo panavuja msimu wa kwanza wa mvua. Msumari ni wa mgongoni.

Somo la pili ni hewa. Kimlango cha chini kinaingiza hewa baridi, mkaa unaipasha, inapanda na kutoka juu. Mpishi anayesukuma kimlango kikabaki nusu anapunguza moto bila kugusa mkaa. Wanafunzi huchora mishale miwili, wa bluu na mwekundu, wakaamini wamemaliza. Kiasi cha hewa kina kanuni yake: kinakua sawasawa na ukubwa wa tundu, lakini kwa kimo na tofauti ya joto kinakua kwa kipeuo cha pili cha kila kimoja. Kwa lugha ya kiwandani, ukiongeza matundu yote mara mbili hewa inakuwa mara mbili. Ukiongeza kimo mara mbili, hewa inaongezeka mara 1.4 tu. Ndiyo sababu dari ndefu peke yake haiokoi chumba chenye madirisha finyu.

Tena tundu dogo ndilo linalotawala. Tuseme tundu la chini lina sm² 25 na la juu sm² 25. Yakifanya kazi pamoja ni sawa na tundu moja la sm² 17.7. Ukipanua la juu likawa sm² 50, unapata 22.4. Ukilipanua mara kumi, likawa sm² 250, unapata 24.9, na hutavuka 25 hata ukiondoa paa lote. Wale wanaochora mnara mkubwa wa kutolea joto juu ya ofisi yenye upenyo wa sm 10 chini ya mlango wajipigie hesabu hii kabla mwalimu hajawapigia.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua boksi la kadibodi la sm 40 kwa 30 kwa 30, toa upande mmoja na uuzibe kwa nailoni angavu. Kata tundu la sm 5 kwa 5 chini upande wa kushoto na jingine la ukubwa huo juu upande wa kulia. Weka ndani chupa ya maji ya moto, si mshumaa. Kadibodi na mshumaa havipatani. Washa udi mbele ya tundu la chini, tazama moshi unavyovutwa. Ziba nusu ya tundu la juu, kisha nusu ya la chini, uone hali ikiwa karibu sawa. Moshi ukirudi nyuma, mara nyingi kosa ni pembe za boksi zinazovuja. Zibandike gundi ya karatasi uanze upya.

Ila kuna jambo la Dodoma ambalo jiko halisemi. Mvuto huu unahitaji ndani kuwe na joto kuliko nje. Saa nane mchana, nje ndiko kwenye joto, na mnara wako unaweza hata kushusha hewa badala ya kuipandisha. Mfumo wa jiko utakufaa usiku, wakati hewa ya nje imepoa na kuta bado zina joto. Mchana tegemea upepo, ambao hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, na weka matundu ya kuingizia upande huo. Mradi unaosema "jengo linapumua kama jiko" bila kutaja saa ya siku haujamaliza.

Somo la tatu ni ufa. Kikombe cha udongo na ganda la bati havipanuki sawa kwa joto, kwa hiyo fundi mzuri huacha nafasi kati yao na kuijaza mchanganyiko dhaifu wa saruji unaokubali kusagika kidogo. Kikombe kilichobanwa na bati moja kwa moja hupasuka mapema. Ihamishie kwenye paa. Chuma hurefuka sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi 1 ya joto. Bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya alfajiri hadi kwenye jua la mchana, tofauti ya nyuzi 40 kwenye uso wake, linarefuka karibu mm 3. Tundu la skrubu lililotobolewa saizi ile ile ya skrubu halina pa kuziweka milimita hizo, hivyo linapanuka lenyewe, na mpira wa skrubu unachanika. Mlio wa paa jioni ndiyo habari hiyo.

Unaponunua, gonga kikombe kwa kucha: mlio mkali ni udongo ulioiva, mlio mzito ni ufa au uliochomwa nusu. Litikise, kikombe kikicheza, kijazio kimelegea. Baada ya kununua, mwombe fundi kikombe kilichopasuka alichokitupa. Kiloweke, ukikate katikati kwa msumeno wa chuma wenye bapa la zamani, na utapata mchoro wa mkato halisi, ambao hakuna picha ya simu itakayokupa.

Ilimba

Ala hii ya Wagogo, yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ni sanaa na ni kifaa kwa pamoja, na ndiyo ya pili kwenye orodha yetu. Jina la Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, liliifikisha ilimba na zeze kwenye majukwaa ya dunia, na Chamwino, mashariki mwa jiji, bado ndiko mahali pa kwenda ukitaka iliyotengenezwa na mtu anayeipiga. Sokoni utakutana zaidi na za kuuzia wageni. Utazitambua: ubao haukuchimbwa ndani, vyuma ni vipande vya bati laini, na sauti inakufa kabla hujaondoa kidole. Hizo hazina somo. Ya kweli ina sanduku la mti lililo wazi ndani, vyuma vilivyofuliwa kutoka misumari au nyaya ngumu, na matundu madogo yaliyofunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ipate mvumo ule wa kukwaruza.

Kinachomhusu mbunifu ni namna vyuma vilivyoshikwa. Kila chuma kinapita juu ya pau ya nyuma, chini ya pau ya kukandamiza iliyofungwa kwa waya, kisha juu ya pau ya mbele, halafu kinaning'inia hewani. Huo ni mchoro kamili wa slabu inayoning'inia, kile kibaraza kisicho na nguzo ambacho kila mwanafunzi anakipenda. Pima: tuseme ncha inaning'inia mm 60 kutoka pau ya mbele, na kati ya pau ya mbele na ya kukandamiza kuna mm 15. Ukiikandamiza ncha kwa uzito wa gramu 200, pau ya kukandamiza inasukumwa juu kwa gramu 800 na ya mbele inabeba kilo 1. Ndiyo maana waya ule umekazwa vile. Kwenye jengo, "waya" wako ni uzito wa ukuta na slabu iliyo nyuma ya nguzo. Ukikosa nyuma ya kutosha, kibaraza kinapindua jengo dogo. Mazoea mazuri ni sehemu ya nyuma kuwa angalau mara moja na nusu ya inayoning'inia, kabla mhandisi hajaja na hesabu zake.

Urefu una gharama kuliko unavyodhani. Chuma kikiongezwa urefu kwa asilimia 10, ncha inashuka asilimia 33 zaidi kwa mkandamizo ule ule. Unene ukiongezwa asilimia 10, mshuko unapungua kwa robo. Hiyo ni kwa mzigo wa nchani. Kwa mzigo uliosambaa, kama uzito wa zege lenyewe, hali ni mbaya zaidi: kutoka mita 1.2 hadi mita 1.5 tu, mshuko unakuwa mara 2.4. Sauti nayo inafuata njia hiyo hiyo. Chuma cha unene mmoja kikifupishwa hadi asilimia 71 ya urefu wake, mitetemo kwa sekunde inakuwa mara mbili. Sukuma chuma nyuma mm 5, kipige, usikie. Hapo ndipo namba zinapoacha kuwa za darasani.

Geuza ala juu chini ukumbuke kosa la saiti linaloangusha vibaraza. Kwenye slabu inayoning'inia, upande unaovutwa ni wa juu, kwa hiyo nondo kuu hukaa juu. Zinafungwa vizuri asubuhi, kisha watu wa ndoo wanazikanyaga wakati wa kumwaga zege mpaka zinalala katikati au chini, ambako hazifanyi kazi. Vipande vya nondo vilivyokunjwa kama vigoda, kila mita moja, vinazishikilia juu. Mwanafunzi anayechora ilimba na kusahau kuonyesha nondo za juu kwenye mkato wake amenunua ala bure.

Ungo, na kapu lake la jirani

Ungo ni wa bei ndogo na unafundisha jambo moja kwa ukamilifu: mkanda. Fito nyembamba zilizofumwa hazina ugumu wowote zikiwa peke yake; zinakunjika mkononi. Zikifungwa kwenye duara la fimbo iliyopindwa, zinabeba nafaka. Nafaka ikikaa, fito zinavutika kuelekea ndani kutoka kila upande, na duara linabanwa pande zote kwa wakati mmoja, kama ringi ya baiskeli na spoki zake. Duara likikatika mahali pamoja, ungo mzima unajikunja.

Tengeneza viwili vya mfano wa sm 25 kwa vipande vya plastiki ya chupa vya upana wa mm 8, mfumo wa mbili juu mbili chini. Kimoja kifunge kwenye duara la waya mnene, kingine kiache na kingo zilizobandikwa gundi tu. Viegemeze kwenye sufuria pana, mimina mchele gramu 250, nyoosha uzi juu ya kipenyo na upime kina cha katikati. Kisha legeza duara la waya mahali pamoja na upime tena. Tofauti hiyo ndiyo hoja yako ya kuweka mkanda wa zege juu ya ukuta wa tofali, na hasa juu ya ukuta wa udongo, uzunguke jengo lote bila kukatika. Mkanda unaokatwa na dirisha refu "kwa sababu ya mwonekano" ni duara lililokatika.

Kinachotumiwa vibaya ni mfumo wenyewe. Facadi (nyuso za nje za majengo) za kusuka zimekuwa mtindo, na Dodoma ina jua la kuzihitaji. Lakini ukanda wa alumini uliopigwa skrubu kwenye fremu haukusukwa, umepangwa tu. Msuko hushikana kwa kupinda na kubanana. Sema ni kizuizi cha jua, utaeleweka. Pia kumbuka vumbi. Matundu ya milimita chache hujaa vumbi na utando, na kuyasafisha kunahitaji maji ambayo mji huu wenye mvua ya wastani wa mm 570 kwa mwaka hauna ya kuchezea. Matundu ya sm 5 kwenda juu na ufagio mrefu ndivyo vinavyodumu.

Makapu ya milulu ya Iringa yanafika Dodoma kwa wingi na yamesukwa kwa ustadi mkubwa kuliko ungo. Yanafaa kwa mradi wa kuta zenye mpindo, kwani ukuta wa kapu husimama bila fremu. Kwa mradi mwingine wowote yatakuwa mapambo ya meza, na si kazi ya Dodoma hata hivyo, taja Iringa.

Kigoda

Kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwenye gogo moja hakiyumbi kwenye sakafu ya udongo iliyopinda, kwa kuwa nukta tatu daima zinakaa kwenye bapa moja. Cha minne kinataka sakafu iliyosawazishwa. Jambo hilo liko pia kwenye vyuma vitatu vya jiko. Kwa mradi kwenye miteremko ya mawe, na Dodoma ina mawe makubwa kila upande, banda dogo lenye misingi mitatu huokoa uchimbaji, ila linapinduka upesi kuliko la minne mzigo ukikaa kwenye ukingo kati ya miguu miwili. Jaribu kukalia ukingo wa kigoda utajua.

Nyufa zake ndizo zitakazokufundisha mbao. Mti unaposinyaa kwa ukavu, husinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini. Gogo lenye kiini ndani yake lazima lipasuke, ufa ukianzia nje kuelekea katikati. Mafundi wanaojua hukwepa kiini au huacha gogo likauke kivulini, miisho ikiwa imepakwa mafuta au kinyesi cha ng'ombe. Nunua chenye ufa. Ukiwa na makenchi ya mbao mbichi kwenye mradi, chora ufa huo na uonyeshe boliti zako zimeukwepa.

Kibuyu, vinyago, na tembe lisilouzwa

Kibuyu kizima kiache. Ukuta wa mm 4 au 5 unaosimama kwa mpindo wa pande mbili ni jambo la kweli, lakini huwezi kulijenga kwa bajeti ya mradi wa shule wala kwa fundi wa kawaida wa mbao za kumwagia zege. Kibuyu kilichopasuka kikashonwa ni habari nyingine, na mama muuzaji atashangaa ukikichagua hicho. Tazama mwisho wa ufa: mara nyingi kuna tundu la duara. Ncha kali ya ufa hukusanya nguvu zote mahali pamoja. Tundu la duara huzisambaza na ufa husimama. Ni sababu ile ile ya kuweka nondo za mshazari kwenye pembe za madirisha, ambako nyufa za lipu huanzia.

Vinyago vya mpingo asili yake ni Wamakonde wa kusini. Kwenye mradi wa Dodoma havina hoja.

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, halipo sokoni, ila litaulizwa na kila mwalimu, kwa hiyo nenda umejiandaa. Watu wanaiga paa lake la bapa kwa slabu ya zege na kuliita tembe la kisasa. Paa la tembe ni boriti, fito, majani na udongo wa sm 15 hadi 20, yaani kilo 250 hadi 350 kwa kila mita ya mraba, wakati bati tupu lina kilo 3 au 4. Uzito huo ndio unaochelewesha joto la mchana lisifike ndani, na ndio unaolazimisha nguzo zikae karibu karibu na vyumba viwe vyembamba. Slabu ya zege ya sm 15 isiyo na kivuli huanza kumwaga joto lake chumbani jioni, watu wakiwa wanatandika. Ukitaka kuchukua kitu kwenye tembe, chukua udongo juu ya paa au ua wa katikati wenye kivuli. Mstari wa bapa utakuja wenyewe. Na usifiche udhaifu wake: mchwa kwenye boriti, na maji yakituama kwa kukosa mteremko.

Kolo: huduma inayostahili nauli

Kwa upande wa sanaa, michoro ya miambani ya Kondoa inazidi duka lolote. Imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Toka Dodoma kwa barabara ya Babati, pita Kondoa, shuka Kolo. Ni kama kilomita 180, lami njia nzima, na unaweza kwenda na kurudi siku moja ukiondoka alfajiri. Jiandikishe kwenye ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo Kolo, ulipe kiingilio, upewe mwongozaji. Bila mwongozaji usipande. Beba maji, viatu vya kufunga, na kitambulisho cha chuo.

Michoro myekundu ya mistari myembamba, ya watu warefu na wanyama, inahusishwa na wawindaji, na Wasandawe wa leo wanatajwa kuwa na uhusiano nao. Ile myeupe, minene, iko juu ya myekundu na ilikuja baadaye na wakulima. Mary Leakey alinakili mingi mwaka 1951, wakati kunakili kulimaanisha kuweka karatasi juu ya mwamba. Leo hilo ni marufuku, pamoja na kugusa, kumwagia maji ili rangi ing'ae, na kuchora kwa chaki. Chora kwa macho, ukiwa umesimama.

Wanafunzi hurudi na michoro ya twiga. Warudi na mkato wa mwamba. Rangi imedumu pale ambapo jiwe limetokeza mbele na kuzuia mvua na jua. Penye maji yanayotiririka imefutika. Simama chini ya kivuli hicho, kadiria kimo cha ukuta wenye michoro na kina cha mwamba uliotokeza, uandike uwiano. Kisha linganisha na jua la latitudo 6 kusini. Saa sita mchana mwezi Juni jua liko kaskazini, nyuzi kama 60 kutoka upeo. Desemba liko kusini, nyuzi kama 73. Na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba liko utosini. Kwa dirisha la kaskazini lenye mita 1.2 kutoka kizingiti cha chini hadi chini ya kivuli, unahitaji kivuli cha sm 68. La kusini linatosheka na sm 37. Kwa hiyo jengo la Dodoma lenye vivuli sawa pande zote nne limepoteza zege upande mmoja, na upande wa magharibi halijapata chochote, maana jua la saa kumi linapita chini ya kivuli cha kina chochote cha kawaida. Huko weka mapezi ya wima, mti, au choo na stoo.

Mwambie mwongozaji mapema kuwa unataka kupima, si kupiga picha tu, ili akupeleke kwanza Mongomi wa Kolo, ambako mwamba umetokeza vya kutosha kuchora mkato. Tumia skeli ya 1:50, na weka mtu mmoja kwenye mchoro kama kipimo, kwa sababu bila mtu mwamba ule utaonekana ama kabati ama mlima.

Vitu ulivyonunua vikifika chumbani, tenga ungo na kigoda mbali na vitabu. Unga mweupe unaodondoka chini yake ni dalili ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Vifunge kwenye mfuko wa nailoni, uviweke kwenye friza ya jirani mwenye moyo kwa wiki mbili, halafu viache vikauke kivulini kabla ya kuvipima upya. Vipimo vya siku ya kununua na vya baada ya kukauka havitalingana, na vyote viwili viandike kwenye mchoro.